Mbuzi aliyefutwa kwenye barua

Shangazi, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara tatu nikaifuta. Mimi ni msichana wa miaka 22, niko mwaka wa tatu chuoni, nasomea ustawi wa jamii. Likizo hii ndefu niko atachimenti, yaani mafunzo ya kazi, katika shirika moja la Kikristo linalosaidia watoto hapa Mombasa. Ni wiki kumi na mbili, na hii ni ya nane. Mshahara hakuna, ila chakula cha mchana napata, na nauli ananipa mama kwenye pesa zake za mahamri. Anaamka saa tisa usiku kukanda unga ili mimi nifike kazini saa mbili asubuhi. Nakuambia hilo mapema uelewe kwa nini nimenyamaza mpaka leo.

Nafasi yenyewe niliipata kwa mkono wa mchungaji wetu. Mama ni katibu wa akina mama kanisani, na mchungaji ndiye aliyempigia simu mkurugenzi. Wenzangu wa darasani walizunguka na barua zao ofisi baada ya ofisi, wakaambiwa kumejaa.

Shirika lina watoto walioandikishwa, na kila mmoja ana mfadhili wake ng'ambo, wengi wao Marekani. Mfadhili hutuma pesa kila mwezi. Zinalipia karo, sare, matibabu na chakula cha Jumamosi, watoto wanapokuja kwa mafunzo ya Biblia na michezo. Mtoto naye humwandikia mfadhili barua. Mimi nimepewa kazi ya barua: nawakalisha watoto wanaandika kwa Kiswahili, kisha natafsiri kwa Kiingereza na kumpelekea msimamizi wangu azipitie kabla hazijatumwa.

Kuna mvulana wa miaka tisa anayeishi na nyanya yake. Barua yake ya kwanza naikumbuka neno kwa neno. "Mpendwa mfadhili, mimi ni mzima. Nyanya amenunua mbuzi. Nimempa jina Bandari kwa sababu anakimbia pembeni kama winga wa Bandari. Anakula hata kalenda. Je, wewe una mbuzi? Asante kwa sare." Chini akachora mbuzi mwenye pembe kubwa kuliko mwili, amevaa jezi ya Bandari, timu yetu ya mpira.

Nilicheka peke yangu, nikaitafsiri vilevile. Msimamizi aliisoma akanirudishia. Akasema mfadhili akisikia habari za mbuzi atafikiri shida zimekwisha, ataacha kutuma. "Toa mbuzi. Weka kwamba wakati mwingine wanalala bila kula, na kwamba anamwombea mfadhili kila usiku." Nikamuuliza kama ni kweli wanalala bila kula. Akasema, "Wewe mtoto wa Mombasa hujui hali ya watu wetu?"

Niliandika, Shangazi. Na kwa kuwa karatasi ya Kiswahili hutumwa pamoja na tafsiri, ilibidi mtoto anakili upya. Nikamwandikia ubaoni, naye akafuata akikaza penseli, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo. Alipomaliza aliitazama karatasi juu hadi chini, akaniuliza, "Titcha, na Bandari nimwandike wapi?" Nikamwambia nafasi imejaa. Nafasi ilikuwapo. Mistari mitatu mizima.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya picha. Mjomba wake alikuwa amemnunulia raba nyeupe, akaja nazo akitembea kwa uangalifu zisishike vumbi. Nikaambiwa nimwambie avue. Akavua, akazipanga kando ya mlango, kisha akaniuliza, "Kwani miguu yangu yapendeza zaidi?" Sikuwa na jibu. Picha nimekuambatishia uione mwenyewe.

Tangu hapo nimebadilisha barua kumi na nne. Usiku nazihesabu.

Kilichonimaliza ni hiki. Mwezi wa sita walikuja wanafunzi wanne wa vyuo vya Marekani, kwa mpango wa ofisi kuu ya huko wa kuchukua wanafunzi wakati wa likizo yao ya kiangazi. Ni watu wema, wanajituma, mmoja wao tunakaa meza moja. Alisoma nakala ya barua ya yule mvulana akatokwa na machozi. Kesho yake akaniambia amempigia mama yake simu, na mama yake ameamua naye kufadhili mtoto. Akanishukuru kwa tafsiri nzuri. Niliinuka nikaenda kujifungia chooni.

Nilimdokezea mama bila kumwambia yote. Akanikata: "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Maliza wiki zako, wakutilie sahihi kitabu chako, uondoke kwa salama." Na ni kweli, msimamizi ndiye atakayejaza fomu yangu ya alama, na mhadhiri anakuja kunikagua wiki ya kumi. Tena shirika hili linasaidia watoto kweli, nimeona kwa macho yangu mtoto akilipiwa upasuaji. Nikisema, si nitawakatia watoto hawa riziki? Na nikinyamaza, mimi ni mtu gani?

Na huyu mvulana keshaanza kunisubiri getini kila Jumamosi. Hajui kwamba naondoka mwezi wa nane.

Mwenye uzito moyoni, Mombasa

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu.

Naanza na jambo ambalo hukuniuliza. Ile picha uliyoniambatishia nimeifuta. Niliifungua mara moja kwa kutojua ni nini, nikaifunga, nikaifuta. Wewe unaumia kwa kuwa sura ya mtoto huyu imetumiwa, na hapohapo umeituma kwa mtu usiyepata kumwona, ili nikuelewe. Najua hukukusudia ubaya. Hata aliyekuambia umvue raba angeniapia kwamba hakukusudia ubaya. Ifute simuni mwako, uifute na kule inakojihifadhi yenyewe kwenye intaneti, na kama uliituma kwa rafiki mwingine, mwombe aifute leo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na hata idhini ikiwapo zitumiwe kwa njia inayolinda haki na maslahi yake. Nyanya mtu aliliruhusu shirika. Hakuturuhusu mimi na wewe. Ndiyo maana barua yako nimeiondoa mtaa, jina la shirika na mambo mawili matatu ambayo jirani angeyasoma akasema, "Ah, ni yule."

Sasa tuje kwenye lako. Ulichoambiwa ufanye ni kosa, na ulichofanya ni kosa. Nalisema wazi kwa sababu naona barua nzima unalizunguka, kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango wa nyuma. Mtafsiri anabeba maneno ya mtu kutoka lugha hii kwenda lugha ile. Ukiyatupa njiani ukabeba mengine, huyo aliyekutuma hujamtafsiria, umemsingizia. Na hapa aliyesingiziwa ana miaka tisa, na ushahidi wa uongo umeandikwa kwa penseli yake mwenyewe. Shirika linalowafundisha watoto Jumamosi ile amri ya kutoshuhudia uongo haliwezi Jumatatu kumwandikisha mtoto uongo huo.

Lakini nataka umwelewe msimamizi wako kabla hujamkabili. Hofu yake si ya kubuni. Wafadhili huacha, na mfadhili akiacha, yeye ndiye anayemwambia mama wa watu kwamba muhula huu karo haipo. Ukifanya kazi hiyo miaka mingi unafika mahali unamtazama kila mtoto ukiona pengo lake tu, kwa sababu pengo ndilo linaloleta pesa. Hiyo ni hatari ya kazi, kama fundi wa kuchomea vyuma anavyoharibika macho.

Picha ya mtoto mwenye njaa yenyewe si dhambi. Mwaka 1919 mwanamke mmoja Mwingereza, Eglantyne Jebb, alikamatwa London kwa kugawa vikaratasi vyenye picha za watoto wa Austria waliokondeana kwa njaa baada ya vita. Akatozwa faini ya pauni 5. Mwaka huohuo yeye na dada yake walianzisha Save the Children, na mwaka 1923 akaandika tamko la haki za mtoto, ambalo Shirikisho la Mataifa lililipitisha 1924. Alitumia picha za kusikitisha, ndiyo. Lakini wale watoto njaa ilikuwa yao kweli. Hakuna aliyewaambia wavue viatu.

Na sisi wa Mombasa tunapaswa kuwa wepesi wa kuliona jambo hili kuliko wengine. Ukipita Kengeleni, utazame ule mnara wa kengele ya Freretown. Kijiji kile kilianzishwa na wamisionari wa CMS, jumuiya ya Kianglikana ya Uingereza, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, watoto wakiwamo. Walipewa chakula, shule, mahali pa kulala, na wengi wakapewa majina mapya ya Kizungu. Wema ule ulikuwa wema wa kweli, na majina yale ya kwanza, yale waliyoitwa na mama zao, mengi yalipotelea hapo. Mtoto anaweza kuokolewa na bado akanyang'anywa kitu mlemle ndani ya kuokolewa. Yule mvulana wako amepewa sare, akanyang'anywa mbuzi.

Hebu turudi kwa huyo mbuzi, maana nimekaa naye siku nzima. Umeona kilichokuwa ndani ya barua ile? Mstari wa tano: "Je, wewe una mbuzi?" Mtoto aliuliza swali. Mfadhili hupokea barua za "naendelea vizuri na masomo" na "nakuombea kila usiku", anazisoma, anazitia kwenye droo. Swali halitiwi kwenye droo. Mtu aliye mbali huko, pengine mzee anayekaa peke yake, angekaa akacheka, akaandika, "Mimi sina mbuzi ila nina paka, naye anakula soksi." Na barua ya tatu ingeanza kwa kumuulizia Bandari hali yake. Huo ndio uhusiano ambao shirika linasema linaujenga kati ya mtoto na mfadhili. Ulikuwa umeanza, kwenye karatasi, kwa penseli, na ofisi ikaufuta kwa kuogopa kuupoteza.

Tena mbuzi hakanushi umaskini. Hilo msimamizi wako kama mtu wa hapa analijua, amelisahau tu. Nyanya anayenunua mbuzi hana akaunti ya akiba, akiba yake inakula kalenda uani. Muhula ukifunguliwa, au mtoto akiugua, mbuzi anakwenda sokoni. Mzungu hajui hilo, na kumjulisha ndiyo kazi yako wewe mtafsiri. Chini ya barua ungeongeza mstari mmoja, ukaonyesha wazi kwamba ni wa mtafsiri: kwamba hapa kwetu familia zisizo na akiba benki hununua mbuzi ili wamuuze siku ya shida. Hapo mfadhili angejua hali ya nyumba ile kuliko angeambiwa "wanalala bila kula" mara mia, na hakuna aliyedanganywa.

Kwa hiyo lile swali lako kama ukisema utawakatia watoto riziki, jibu langu ni kwamba riziki ile imekwisha kutiwa kisu, na si kwako. Wafadhili wengine hufunga safari kuja kuwaona watoto. Siku mmoja akishuka uwanja wa ndege wa Moi, akapanda gari mpaka kwa nyanya, akamkuta mbuzi amefungwa mlangoni na mtoto akamtambulisha kwa jina, itakuwaje? Hatamlaumu msimamizi. Hatamjua. Atamtazama mtoto.

Uzungumze na msimamizi wiki hii, kabla mhadhiri hajafika, asije akaona umengoja kuwa na shahidi. Usiende Jumamosi, siku ile kila mtu anakimbizana na sufuria na watoto. Nenda siku ya kazi mchana baada ya chakula, ukamwombe dakika kumi, muwe wawili. Anza na lako: "Nimebadilisha barua kumi na nne na moyo unanisuta. Siwezi kuendelea. Naomba tujaribu njia nyingine." Usimwambie "umenilazimisha", hata kama ni kweli, neno hilo litamfanya ajitetee, na mkianza kuteteana mtoto atasahaulika. Kisha mwekee kitu mkononi: mwombe barua tano zinazofuata ziende kama watoto walivyoziandika, kila moja na mstari wako wa mtafsiri unaoeleza kama nilivyokueleza. Mpelekee moja uliyokwisha kuiandika hivyo, aione. Watu wengi hawabadilishwi na hoja. Wanabadilishwa na karatasi nzuri iliyo mbele yao.

Uende pia umesoma ile sera ya ulinzi wa mtoto. Mashirika yanayopokea pesa za nje huwa nayo, na mara nyingi mtu wa atachimenti huitia sahihi siku ya kwanza pamoja na kuleta cheti chake cha tabia njema, akiwa hata hajaisoma. Itafute. Nina hakika utakuta humo maneno kuhusu heshima ya mtoto kwenye picha na maandishi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inampa mtoto haki ya faragha, na Katiba yenyewe, Kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Usimsomee kama hakimu. Jua tu kwamba unaposimama si mahali pa mtoto mkaidi wa chuo.

Akikataa, mwambie kwa adabu kwamba utatafsiri kilichoandikwa na hutaongeza, na kama hilo halifai akuhamishie kwenye kazi nyingine, jikoni, maktaba, popote. Halafu mwendee aliyepewa jukumu la ulinzi wa watoto ndani ya shirika, kisha mhadhiri wako. Mhadhiri amewekwa kwa ajili hiyo, hayuko kwa alama peke yake. Namba 116, ile ya bure ya kusaidia watoto, iwe simuni mwako. Ni ya siku mtoto akikuambia anapigwa, anaguswa vibaya, analala nje. Siku hiyo hungoji wiki ya kumi wala dakika kumi za msimamizi. Lakini hili la barua silo la 116, na sitaki ulikuze likawa kubwa kuliko lilivyo, maana ukilikuza watalikanusha lote.

Kitabu chako cha kila siku kijaze kweli. Kama ulibadilisha barua, andika ulibadilisha kwa maagizo, bila jina la mtoto hata moja. Hizo kumi na nne zikumbuke kwa namba za faili, umwombe msimamizi kwamba zamu ya barua ikirudi watoto hao wawe wa kwanza kuandika wanachotaka.

Yule mwenzako wa Marekani usimwambie kabla ya msimamizi. Asije akalipeleka ofisi kuu kwa simu usiku huohuo, na wewe ukaonekana umewazunguka watu wako. Lakini asipande ndege kurudi kwao bila kujua. Mama yake anatoa pesa kwa ajili ya barua ile. Akishaambiwa ukweli anaweza kuendelea kutoa, na nadhani ataendelea, maana ulisema ni watu wema. Umwambie wewe, kwa kinywa chako, mkiwa wawili.

Mama yako ndiye ninayemwonea huruma zaidi katika barua hii. Amka naye saa tisa usiku mara moja, shika upande wa pili wa ule unga, umwambie yote mkikanda: mbuzi, raba, lile swali la miguu. Asije akalisikia kwa mchungaji. Ile methali aliyokuambia ni ya kweli, wakunga hawatukanwi na uzazi ungalipo. Ila kumwambia mkunga kwamba wembe una kutu si kumtukana. Mama aliyewahi kuzaa atalielewa hilo haraka kuliko mimi na wewe.

Uliniuliza, ukinyamaza wewe ni mtu gani. Nilipokuwa na miaka 23 nilishika kalamu ya stoo katika kituo kimoja cha kulisha watoto. Siku moja nikaambiwa niandike magunia 40 ya unga yamepokelewa. Niliyahesabu mwenyewe, yalikuwa 31. Niliandika 40. Nilikuwa na mama mgonjwa na mdogo wangu shuleni. Mpishi, mama mmoja asiyejua kusoma, akaja siku ya tatu akaniuliza mbona unga unakwisha mapema, nikamwambia labda anapika mzito. Miaka imepita mingi, magunia siyakumbuki sana. Nakumbuka alivyoitikia. Alisema, "Pengine," akaanza kupika uji mwepesi. Nakuambia hili kwa sababu wewe una wiki nne na mimi sikujipa hata moja.

Sasa huyo mvulana. Jumamosi hii, kabla ya lolote, umwombe radhi. Chuchumaa mwangalie usoni, umwambie: "Nilikuambia nafasi imejaa, haikuwa imejaa. Nilikosea. Na siku ya picha hukupaswa kuvua raba zako." Usimweleze habari za ofisi, usimtaje msimamizi, usimfanye mtoto awe upande wako katika ugomvi wa wakubwa. Watoto huombwa radhi mara chache mno, utaona atakavyokutazama.

Na umwambie unaondoka. Umwambie sasa, si siku ya mwisho kwa keki na soda. Mpe idadi ya Jumamosi zilizobaki, mzihesabu pamoja kwenye kalenda, kama ipo ambayo haijaliwa. Usimpe namba yako ya simu, usimwahidi kurudi Desemba kama hujui utarudi. Mtoto anayelelewa na nyanya ameshaagwa na watu wengi waliosema watarudi. Mtafute mmoja wa walimu wa Jumamosi anayekaa mwaka mzima, uwe unamkabidhi kidogo kidogo: kaeni watatu mkisoma, kaeni watatu mkichora, mpaka siku moja asiwe anakungoja getini wewe peke yako.

Kisha mpe karatasi mpya aandike barua yake, kwa msimamizi kukubali au kukataa baadaye, iandikwe kwanza. Usimwandikie ubaoni. Nawe usiikumbushie ile ya zamani, maana mwezi umepita, na mbuzi wa akiba hakai. Muulize kwanza Bandari yupo? Kama yupo, ajue mwenyewe la kusema. Kama nyanya amemuuza, na aandike kwamba ameuzwa, na kwa nini, na alilia au hakulia, na zile pesa zimefanya nini.

Shangazi